Nusu Itakayolala

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi alikuwa amemzungushia karani wa posta futikamba kifuani, pini tatu zikiwa mdomoni, wakati titi la kushoto la fundi liliposema, "Amelala?"

"Amelala," likajijibu lenyewe, kwa sauti nyingine, ya kike.

Karani aliinua mkono juu zaidi ili futikamba ipite vizuri. Aliuliza kama mikono ya gauni inaweza kuishia kwenye viwiko, maana kule dirishani kwake anagonga mihuri kutwa na mikono mirefu huchovya kwenye wino. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Fundi mwenye pini mdomoni hasemi, na wateja wote wa duka lile walilijua hilo. Shangazi yake, mzee aliyekaa kwenye stuli karibu na mlango akishonea vifungo, alisema bila kuinua macho kwamba sauti ile ya kiume si ngeni masikioni mwake.

Fundi alizichomeka pini kwenye kijimto cha mkononi. "Ni ya Daktari."

"Nilijua tu. Anaongea kama mtu anayeagiza soda."

Kifua cha karani kilikuwa inchi thelathini na nne. Fundi aliandika thelathini na saba, kama alivyoagizwa. Gauni lilikuwa la sherehe ya kupandishwa cheo, mwezi mmoja mbele, na kufikia siku hiyo karani angekuwa na zile inchi tatu. Angewekewa Ijumaa. Fundi naye alikuwa na zamu Ijumaa hiyohiyo, hospitali ileile, kwa daktari yuleyule, ila yeye alikuwa anakwenda kutolewa. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, alisema shangazi, kama choo cha stendi.

Fundi alikuwa na miaka arobaini na miwili. Utotoni, shangazi huyohuyo ndiye aliyempachika jina la Ubao, kwa mapenzi, na shuleni jina likashika bila mapenzi. Alipokua aliwashonea wanawake wa mtaa mzima nguo za vifua ambavyo yeye hakuwa navyo, na siku moja, miaka kumi na moja iliyopita, akachoka. Hakumwuliza mtu. Alikwenda, akalazwa, akaamka na kifua. Kwa miaka tisa kilimfaa, na hakuna haja ya kudanganyana hapa: alikipenda. Alijitazama kwenye kioo cha wateja wakati hakuna mteja. Mwaka wa kumi titi la kushoto likaanza kuwa gumu, viungo vikauma, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na uchovu ukamkalia mgongoni kama mtoto mkubwa aliyekataa kutembea. Picha ikaonyesha kwamba mfuko wa silikoni umepasuka ndani. Ukitolewa mmoja hutolewa yote miwili.

Alitafuta daktari mwingine. Alikwenda kwa watatu. Wote walimsikiliza kwa heshima, wakautazama mshono wa zamani, wakasema neno moja: aliyeshona ndiye afumue. Fundi hakuwa na la kubisha. Juu ya cherehani yake kulikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, na kila alipowarudisha wateja waliomletea nguo zilizoharibiwa kwingine alikinyooshea kidole. Kilisema: HATUFUMUI KAZI YA FUNDI MWINGINE.

Aliogopa. Hakuogopa kisu, kwa sababu mtu anayeshinda na mkasi hawezi kumwogopa ndugu yake. Hata kurudi kuwa Ubao hakukumtisha sana. Aliogopa kulala. Aliogopa kulazwa chali, uchi, mbele ya watu wanaoongea, asisikie wanasema nini.

Jumanne, dakika ileile, titi lilianza tena pale mwanzo na kuongeza kidogo. Baada ya "Amelala" kulisikika vyuma vikiwekwa kwenye sinia, kisha Daktari akaomba redio ipunguzwe. Fundi alikuwa anakata mikono ya gauni la karani. Shangazi alisema afadhali wangeiacha redio, zamani kulikuwa na nyimbo. Titi likaishia hapo, na kazi ikaendelea mpaka jioni.

Jumatano liliongeza zaidi. Wateja wawili walikuwa wamesimama dukani, wameleta suruali ya kubadilisha zipu.

"Daktari, sanduku hili la silikoni limeandikwa zisitumike. Zirudishwe kiwandani," ilisema ile sauti ya kike.

"Halijasema zisitumike na nani."

Watu wakacheka kidogo, watatu au wanne. Kisha kikasikika kitu cha plastiki kikichanwa.

Mkasi wa fundi ulisimama katikati ya kitambaa. Shangazi aliacha kifungo kikining'inia kwenye uzi. Wale wateja walitazamana, na mmoja akauliza kama suruali itakuwa tayari kesho. Fundi akasema kesho kutwa atakuwa hospitali, lakini kesho jioni wanaweza kupitia. Walipoondoka aliketi.

"Shangazi, umesikia."

"Sikio langu bovu, lakini hilo nimelisikia."

"Sasa nifanyeje?"

"Ufanye nini tena, mwanangu? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Mara ya kwanza niliyavulia nguo nikalala," fundi alisema. "Unaona walivyoniogesha."

Shangazi alikaza kifungo. Alikata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.

Mchana huo fundi aliandika barua kwa baraza linalosimamia madaktari, kwa mwandiko uleule anaoandikia vipimo, herufi kubwa na nafasi pana ili msomaji asikosee. Aliipeleka posta mwenyewe. Dirishani alikuwa yule karani, amevaa mikono mirefu yenye wino. Karani aliipima barua, akabandika stempu, na fundi akamsimulia yote, kuanzia sanduku mpaka kicheko. Foleni ilisubiri kwa adabu.

"Hiyo ni miaka kumi na moja, Fundi," karani alisema. "Na umesema limeandikwa zirudishwe. Mimi niko hapa mwaka wa sita sasa. Kitu kikiandikwa kirudishwe, hurudishwa. Kinaweza kuchelewa, lakini hurudishwa."

"Na kama hawakulirudisha?"

"Litaandikwaje lirudishwe, halafu lisirudi?" karani aliuliza. Aliuliza kwa moyo safi, akaonyesha rafu nyuma yake, ambako vifurushi vya kurudishwa vilipangwa kwa tarehe na hakuna hata kimoja kilichozidi wiki mbili.

"Mdogo wangu, subiri basi hii barua ijibiwe."

Karani aligonga muhuri. "Gauni umeshalikata?"

"Nimelikata."

"Thelathini na saba?"

"Thelathini na saba."

"Basi," karani alisema, akamwita anayefuata.

Fundi alitembea kurudi dukani na aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Angeweza kulikata dogo, aliwaza. Lakini mteja huwa anataja kipimo na fundi anafuata, na kwa miaka ishirini hakuwahi kukata kitambaa kinyume na alichoambiwa.

Alhamisi alikwenda hospitali kwa vipimo vya mwisho, shangazi akimsindikiza. Daktari alikuwa mtu nadhifu, mwenye kucha zilizokatwa kwa mstari mmoja. Alimwekea kipimo cha kusikilizia mapigo kifuani saa nne na dakika tisa, na dakika iliyofuata akajisikia mwenyewe. Alisikiliza mpaka plastiki ilipochanwa, bila kukiondoa kipimo masikioni.

"Sauti yangu ilikuwa laini wakati huo," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Na huyu ni Sista wetu. Sasa ni msimamizi wa wodi." Aliandika kitu kwenye faili. "Linauma likizungumza?"

"Haliumi. Lakini lile sanduku, Daktari..."

"Kabati la sanduku lile tulishalihamisha," Daktari alisema, kwa upole wa mtu anayeamini amejibu. "Kesho usile wala usinywe kitu."

Fundi akajikuta anasema ahsante. Alijichukia kwa ahsante ile kutoka mlango wa Daktari mpaka mwisho wa korido.

Mwisho wa korido ndiko alikokaa bwana wa nusukaputi, mwembamba, anayenong'ona kwa mazoea, kana kwamba kila mtu karibu yake amelala. Alimpa fundi fomu. Iliuliza uzito, umri, meno ya bandia, dawa anazotumia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno *Nusu itakayolala*, na mstari wa vitone.

"Hii ni nini?"

"Ni nusukaputi, mama," alinong'ona. "Nusu yako inalala, nusu inabaki. Hapo unajaza ni ipi ilale."

"Mara ya kwanza sikujaza."

"Wengi hawajazi. Wanadhani ni jina tu la dawa. Ikiachwa wazi, sisi tunalaza yoyote inayotangulia. Ile nyingine sasa inakosa pa kukaa, kwa hiyo inaingia kwenye kile kinachowekwa." Alikitazama kifua cha fundi kama mtu anayetazama saa ya mwenzake. "Yako iliingia kushoto."

"Hiyo inayobaki inaweza kufanya nini?"

"Kusikia inasikia. Kuona inaona. Kuna moja mwaka jana ilitupangia glavu kwa saizi."

"Kusema je?"

"Kusema inasema. Ila nusu haiweki sahihi, kwa hiyo ikisema haiandikwi popote."

Fundi alishika kalamu muda mrefu. Bwana wa nusukaputi alimwambia kwamba wachache wanaojaza huandika *ya chini*, kwa sababu ya haya. Fundi alifikiri kifundi. Kila nguo ina upande wa mbele na wa nyuma, na wa kulia na wa kushoto, lakini hakuona mshono unaoweza kumgawa yeye namna hiyo. Shangazi, aliyekaa kiti cha pembeni na mkoba mapajani, alisogeza kichwa.

"Laza ile inayoogopa," alisema. "Ndiyo iliyochoka."

Fundi akaandika: *Ile inayoogopa.*

Bwana wa nusukaputi akasoma. "Ni kubwa?"

"Ni kubwa."

"Basi nitaongeza dawa. Itachelewa kidogo kuamka."

Akaweka sahihi, na fundi akaweka yake. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi amefanya jambo. Safari hii kungekuwa na mtu wake mle ndani, amesimama wima, macho makavu, anasikiliza kila neno. Usiku huo alilala vizuri kuliko shangazi.

Ijumaa walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsimamisha koridoni kusubiri. Kitanda cha pili kililetwa kikapangwa nyuma yake. Juu yake alikuwa karani, na kofia ya plastiki kichwani, anatetemeka kidogo kwa baridi ya kiyoyozi.

"Fundi, umekuja."

"Nimekuja. Mdogo wangu, ile fomu, pale chini kabisa, umejaza?"

"Wapi?"

"Penye nusu."

"Aa, pale." Karani alitabasamu kwa uzoefu. "Niliacha wazi. Mwisho wa fomu huwa ni kwa matumizi ya ofisi."

Fundi aliinua kichwa kumwita muuguzi, lakini kitanda chake kilikuwa kimeanza kusukumwa. Alisema, "Subiri, Sista, huyu hajajaza," na muuguzi akasema, "Sawa, mama," akaendelea kusukuma. Milango miwili ikafunguka, ikafunga. Taa ilikuwa kubwa na chumba kilikuwa na harufu ya chuma kilichooshwa.

"Amelala?" titi lilisema.

"Bado kidogo," bwana wa nusukaputi alilijibu, akamwambia fundi ahesabu kutoka kumi kurudi nyuma.

Alihesabu. Kwenye tisa aliona kabati, nalo kweli lilikuwa limehamishwa. Lilikuwa ukuta wa pili. Kwenye saba hofu ilianza kulala. Aliisikia ikijilaza kwa ubavu, imekunja magoti. Sita hakuifikia.

Aliamka saa nane mchana, wodini. Kifua kilikuwa kimefungwa bandeji na kilikuwa bapa. Kilikuwa kimya pia. Alijaribu kumeza mate akashindwa, koo limekwaruzika lote.

"Ni mpira wa kupumulia," muuguzi alisema. "Huwa unakwaruza."

"Nilisema kitu?"

Muuguzi alitazama dripu. "Ulikuwa mtulivu sana."

"Mifuko yangu iko wapi?"

"Tumeitupa. Ilikuwa na kelele."

Fundi alifumba macho akamtafuta yule mtu wake aliyemwacha macho, ile nusu isiyoogopa. Alikuwa amesharudi, alimhisi, upande mmoja wa mwili wake ulikuwa na miguu inayouma kama ya mtu aliyesimama saa nne mfululizo. Lakini alikuwa amerudi mikono mitupu, kama mtu aliyetumwa sokoni akakuta pamefungwa. Hakukuwa na neno, uso wala kicheko. Na hofu ilikuwa imeamka pia, imepumzika, na nguvu zake zote. Kwenye kitanda cha jirani karani alikuwa amelala, anakoroma taratibu, na bandeji yake ilikuwa imeinuka.

Wiki zilizofuata fundi alipata nafuu, na hilo pia lisemwe. Nywele ziliacha kubaki kwenye kitana. Vidole vilikunjika asubuhi bila kulalamika. Shangazi alirudia kumwita Ubao, na lilimfurahisha, kwa sababu alikuwa amebaki mtu mmoja tu duniani anayejua kuliita vile. Gauni la karani alilimaliza wiki ya tatu. Lilining'inia ukutani likiwa na kifua chake tayari, halina mtu.

Karani alikuja Jumatatu ya nne, saa sita kasoro robo. Alikuwa na afya njema na bahasha mkononi.

"Barua yako imerudi, Fundi. Baraza limehama, halijaacha anwani." Alionyesha muhuri kwa kidole, bila dharau, kwa fahari kidogo ya kazi. "Siku ishirini na sita tu. Nilikwambia."

Fundi aliiweka bahasha chini ya mkasi. Karani akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa gauni, akasimama mbele ya kioo. Lilimkaa. Halikuzidi hata unywele, na halikupungua. Shangazi aliacha kazi akatazama, akasema limemkaa kama alizaliwa nalo. Fundi alipiga magoti kupinda pindo, akatia pini nne mdomoni.

"Amelala?" kilisema kifua cha karani.

"Amelala."

Karani aliinua mkono kidogo, kwa mazoea, ingawa hakuwa anapimwa.

"Daktari, limebaki lile sanduku tu. Limeandikwa zisitumike."

"Halijasema zisitumike na nani."

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa utani ulikuwa umezeeka. Kikasikika kitu cha plastiki kikichanwa. Halafu ikaja sauti ya tatu, ya mwanamke, karibu sana.

"Mdogo wangu, amka."

Ikarudia. Ikarudia tena, kila mara juu zaidi, mpaka ikaanza kukwaruza. Shangazi alikuwa ameshika kadi ya vifungo, na bila kukusudia akawa anavihesabu kwa kuifuata: vifungo vyote kumi na viwili, akaanza upya.

"Huyu bado yuko hapa?" Daktari aliuliza.

"Ni nusu tu, Daktari. Ile nyingine haijaamka."

"Basi mwacheni. Nusu haiweki sahihi."

"Mdogo wangu, amka," sauti ilisema, imepasuka sasa, haina hofu hata chembe. "Amka. Mdogo wangu, amka." Iliendelea hivyo mpaka mtu alipoomba uzi, na baada ya uzi ikaendelea.

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja.

"Hiyo ni sauti yako," karani alisema.

"Ni yangu."

"Kumbe uliniita."

"Inaonekana nilikuita."

Karani alijitazama kwenye kioo, mbele, kisha ubavuni. Alikuwa na tabia ya watu wa posta, ya kusoma kila kilichoandikwa mahali popote, na macho yake yalipanda mpaka kwenye kibao juu ya cherehani, yakakisoma mpaka mwisho.

"Kitu kikiandikwa kirudishwe," alisema polepole.

"Hurudishwa," fundi alisema.

"Kinaweza kuchelewa."

"Mimi nilichelewa miaka kumi na moja."

Karani alitikisa kichwa kama anayepokea kifurushi na kukagua anwani. Kisha akapeleka mkono chini ya kwapa la kushoto. "Hapa pananibana kidogo, Fundi. Unaweza kuachia?"

Fundi alisema anaweza, maana ile ilikuwa kazi yake mwenyewe. Akachukua chaki, akatia alama pale alipoonyeshwa, akarudisha pini mdomoni.